UZI: Jinsi pingili ya mkia kutoka Tendaguru, Lindi, ilivyotambuliwa kuwa ya mjusi mla nyama asiyejulikana

Mtoto wa Bucha (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu nimeuahidi tangu Ramadhani, leo nimepata nafasi ya kukaa na kuandika kwa kutulia.

Tukitaja Tendaguru, kila mtu anamkumbuka yule mjusi mrefu, dinosaria aliyesimamishwa Berlin, mita 13 na ushee kutoka sakafuni mpaka utosini. Yule alikuwa anakula majani. Mimi leo nataka kuwaongelea waliokuwa wanawinda kwenye nchi hiyo hiyo, miaka takriban milioni 150 iliyopita, maana hao hawana wa kuwasemea. Mifupa yao ni michache mno. Mmoja wao, mnyama wa mita kati ya 8 na 10, tunamfahamu kwa pingili za mkia tu. Anaitwa Veterupristisaurus milneri. Jina lake alipewa mwaka 2011, ingawa mifupa yenyewe ilitoka ardhini kabla ya Vita Kuu ya Kwanza.

Swali ambalo watu huniuliza kila nikilitaja jina hili ni moja: mtu anajuaje kwamba mfupa mmoja ni wa mnyama ambaye hajawahi kuonekana popote? Nitaanzia kwetu nyumbani.

Baba yangu alikuwa na bucha Lindi mjini, na mimi nimekulia nyuma ya gogo la kukatia nyama. Mteja akija na mfupa mkononi, analalamika kwamba mahali fulani kauziwa ng'ombe mzee kwa bei ya ndama, mzee hakuwa anabishana. Anauchukua, anautazama pale kichwa cha mfupa kinapokutana na mwili wake. Kama pana mstari wa gegedu, mnyama alikuwa bado anakua. Kama pameziba na mfupa umekuwa kitu kimoja, huyo amekula chumvi. Kisha anaugeuza, anakuambia ni wa mguu wa mbele au wa nyuma, wa kulia au wa kushoto. Nilidhani ni kipaji chake. Baadaye nikaja kuelewa kuwa alikuwa ameshika maelfu ya mifupa, na kila mpya alikuwa anaulinganisha na yote iliyotangulia.

Hiyo ndiyo kazi nzima ya kutambua dinosaria mpya. Ni kulinganisha. Kubahatisha hakumo.

Sasa turudi Tendaguru. Kilima kile kipo kaskazini magharibi ya mji wa Lindi, kama kilomita 60 hivi. Mwaka 1906 mhandisi wa madini wa Kijerumani, Bernhard Sattler, aliona mfupa mkubwa umejitokeza juu ya ardhi. Kumbukeni huo ni wakati wa Majimaji, nchi imeungua na watu wana njaa. Kuanzia 1909 hadi 1913 jumba la makumbusho la Berlin likaendesha uchimbaji, wakuu wake wakiwa Werner Janensch na Edwin Hennig, baadaye Hans Reck. Waliochimba ni watu wetu, mamia kwa mamia, na msimamizi wao mkuu aliitwa Boheti bin Amrani. Mifupa ilipakwa plasta, mingine ikafungwa ndani ya mianzi, ikabebwa kichwani na mabegani mpaka bandari ya Lindi. Safari ya siku kadhaa kwa mguu. Jumla ya mzigo ulizidi tani 200.

Katika tani hizo, wala nyama walikuwa kidogo sana. Hilo ni la kawaida, hata leo ukienda Selous utahesabu nyumbu na nyati wengi kabla hujamwona simba mmoja. Janensch aliandika juu yao mwaka 1925, na kwa sababu alikuwa na vipande tu, akavigawa kwenye majina yaliyokuwa yanajulikana Ulaya na Marekani. Mfupa wa muundi akauita Allosaurus tendagurensis. Vingine akavipeleka kwa Ceratosaurus, vingine kwa Labrosaurus. Simlaumu. Wakati ule hapakuwa na wengine wa kulinganisha nao.

Miaka ikapita. Argentina, Marekani na Sahara zikatoa mifupa ya ukoo mwingine kabisa wa wawindaji wakubwa, wale ambao meno yao ni mapana, membamba, yamechongoka kama ya papa. Ndipo mtafiti Oliver Rauhut wa Munich alipozirudia zile pingili za Tendaguru akiwa na kitu ambacho Janensch hakuwa nacho, yaani majirani. Akaziona zinafanana na za ukoo huo wa meno ya papa. Na zina alama zao ambazo hazipo kwa ndugu wengine: namna kingo nyembamba za mfupa zinavyokwenda kutoka kwenye viungio vya mbele hadi kwenye mwiba wa juu wa pingili. Alama kama hiyo ndiyo inayompa mnyama haki ya jina lake mwenyewe.

Pingili iliyobeba jina ina namba MB.R.1938 (ni namba ya stoo, si mwaka). Jina maana yake ni mjusi-papa wa kale, na "wa kale" hapo ni neno zito, kwa sababu ukoo ule ulikuwa ukijulikana kwenye miamba ya kipindi cha Kretasia, na huyu wetu ni wa Jurasiki, kipindi kilichotangulia. Alipotajwa alikuwa mkongwe kuliko wote wa ukoo wake. Hilo "milneri" ni heshima kwa Angela Milner wa London, mmoja wa waliomwelezea dinosaria Baryonyx mwaka 1986.

Naomba kuwasilisha. Maswali yaje.

Kibatari

Mkuu asante sana, nimesoma mpaka mwisho. Lakini niruhusu nipinge. Pingili ya mkia! Mkia una pingili hamsini na zaidi na hazifanani zenyewe kwa zenyewe. Unajuaje kwamba hiyo "alama" si tofauti ya pingili ya kumi na ya ishirini ya mnyama yule yule anayejulikana?

Mtoto wa Bucha

Kibatari, hilo ndilo swali la maana kuliko yote na nashukuru umeliuliza. Jibu lipo sokoni. Mwezi uliopita nilinunua mkia mzima wa ng'ombe, nikamwomba mchinjaji asiukate kwa shoka ila autenganishe kwenye viungo. Tukachemsha, tukanywa supu, mifupa nikailoweka siku mbili kwenye maji ya sabuni ikatoka nyeupe. Nikaipanga kwenye meza na wanangu.

Pingili ya kwanza, iliyokuwa karibu na mwili, ina mabawa mawili ya pembeni, ina mwiba juu, na chini ya mwiba kuna tundu linalopitisha uti. Inafanana na pingili yoyote ya mgongo. Ukienda nyuma, mwiba unafupika. Mabawa yanasinyaa. Tundu linafunguka juu, linakuwa mfereji, kisha linapotea. Za mwisho ni kama vipande vya chaki vilivyonenepa ncha zote mbili. Mwanangu wa darasa la nne nikamfumba macho, nikachomoa moja, nikampa mkononi. Akairudisha mahali pake kwa kupapasa. Alikosea nafasi moja tu.

Kwa hiyo mtaalamu kwanza anajua pingili aliyoshika ni ya sehemu gani ya mkia. Hiyo tuliyoitaja ni ya katikati. Kisha anailinganisha na za katikati za wanyama wengine, hailinganishi ya katikati na ya shina. Na anaangalia umri: kama upinde wa juu umeshaungana na mwili wa pingili, mstari umeziba, huyo ni mtu mzima. Ndama hawezi kupewa jina jipya kwa sababu tu hafanani na mama yake.

Kibatari

Hapo nimeelewa. Na mkia nitanunua.

Mwanajiolojia wa Kusini

Mleta uzi umegusa mahali penyewe. Niongeze kidogo upande wa mwamba, maana mimi nilisoma jiolojia.

Mfupa uliokaa chini ya tabaka kwa miaka milioni 150 haubaki na umbo lake. Udongo unaukandamiza, unapinda, unapasuka na nyufa zinajazwa madini. Nimewahi kushika pingili (si ya Tendaguru) ambayo upande mmoja ulikuwa mwembamba kuliko mwingine kwa nusu nzima, na mwenzangu akaanza kuitafutia jina. Mwalimu wetu akatuambia tutazame nyufa zinaelekea wapi. Zote zilielekea upande mmoja. Ilikuwa imebanwa tu. Kwa hiyo kabla ya kusema "hii ni alama ya spishi", unajiuliza kama alama ipo pande zote mbili za mfupa, na kama ipo kwenye mfupa wa pili. Tendaguru kwa bahati kuna pingili nyingine zilizoshikana mbili pamoja zinazohusishwa na mnyama huyu, na hilo linasaidia.

Baada ya hapo ndiyo unaandika jedwali: kila mnyama safu yake ya mlalo, kila sifa safu yake ya wima, mamia ya sifa. Ipo au haipo. Programu ya kompyuta inapanga mti wa ukoo wenye hatua chache kuliko mingine yote. Kwa mnyama mwenye mifupa michache, safu yake inajaa alama za kuuliza, na programu inaweza kumrusha huku na huku kwenye mti. Ndiyo maana watu wa fani wakimtaja huyu mjusi-papa wanaweka tahadhari.

Dada wa Mtanda

Mimi nina swali la meno. Niliwahi kusoma kwamba kuna jino la Tendaguru lililopewa jina peke yake. Kweli?

Mtoto wa Bucha

Kweli, dada. Ostafrikasaurus crassiserratus, yaani mjusi wa Afrika Mashariki mwenye msumeno mnene. Alipewa jina na Mfaransa Eric Buffetaut mwaka 2012, kwa meno tu. Chukua kisu cha mkate ukitazame kwa karibu. Jino la mla nyama lina vijino kama hivyo kwenye makali yake, mbele na nyuma. Mtaalamu anahesabu viko vingapi katika kila milimita 5. Vya huyu ni vikubwa na vichache, ndiyo maana ya jina. Buffetaut alimwona kuwa babu wa wale wavuvi wenye pua ndefu, ukoo wa Spinosaurus. Wengine baadaye wakasema hapana, meno hayo yanaelekea zaidi kwa ndugu za Ceratosaurus.

Msimamo wangu: jino peke yake ni ushahidi dhaifu. Dinosaria mla nyama anabadilisha meno maisha yake yote, kama papa, na la mbele ya mdomo halifanani na la nyuma. Tena koo zisizo na undugu hujikuta na meno ya namna moja kwa sababu zinakula kitu kimoja. Kati ya pingili ile na jino hili, nitaiamini pingili.

Mzee wa Mikindani

Wanangu, mnaongea vizuri lakini mnazunguka jambo. Mimi babu yangu mzaa mama alikuwa mpagazi kipindi kile. Kwa nini jina limetolewa Munich na mfupa uko Berlin? Mnasema kutambua ni kulinganisha. Haya, kijana wa Lindi alinganishe nini na nini? Mifupa iko wapi?

Mtoto wa Bucha

Shikamoo mzee. Nimelisoma swali lako mara tatu kabla ya kujibu.

Ni kweli tupu. Kanuni ya fani inataka mfupa uliobeba jina uwe kwenye hifadhi ambako mtafiti yeyote anaweza kwenda kuukagua. Yeyote, lakini nauli na viza ni ya kwake. Mtu anayekaa mwendo wa dakika kumi kutoka kwenye kabati ataona tofauti ambayo wa kwetu hataiona hata awe na jicho la namna gani. Suala la kurudisha mijusi limefika bungeni kwetu zaidi ya mara moja, na mazungumzo mengi yanaishia kwenye ule mkubwa wa kusimama. Kwangu mimi vile vidogo vilivyo kwenye droo vina uzito ule ule, kwa sababu ndimo majina mapya yanamotoka. Kule Berlin bado kuna vifurushi vya mianzi ambavyo havijafunguliwa tangu vitoke Lindi. Mianzi iliyokatwa huku, ikafungwa na mikono ya huku.

Na kuhusu watu wetu, yapo majina mawili ninayoyashikilia. Mwaka 2007 mjusi mmoja mla majani wa Tendaguru aliitwa Australodocus bohetii, kwa ajili ya Boheti bin Amrani. Mwaka 2019 mwingine akaitwa Wamweracaudia, mkia wa Wamwera. Hayo yamekuja baada ya karibu miaka mia, lakini yameandikwa kwenye vitabu vya fani na hayafutiki.

Mzee wa Mikindani

Marahaba. Hilo la Boheti sikulijua. Nitawasomea wajukuu.

Pwani Kaskazini

Naandika kutoka Mombasa. Kwetu Kenya tuna kisa kinachofanana, ingawa si dinosaria. Simbakubwa kutokaafrika. Taya lake lilichimbwa Meswa Bridge, magharibi ya Kenya, likakaa kwenye droo ya makumbusho ya taifa Nairobi miongo kadhaa. Mtafiti Matthew Borths akafungua droo akitafuta kitu kingine, akakuta meno makubwa kuliko ya simba. Jina likatoka 2019. Si simba wala si paka, ni ukoo wa wala nyama uliokwisha kabisa, na umri wake ni miaka milioni 22 hivi. Tofauti na yenu ni kwamba droo ilikuwa Nairobi. Jina lenyewe ni Kiswahili, mtu wa Beijing akitaka kulitaja lazima aseme "kutoka Afrika".

Mtoto wa Bucha

Pwani Kaskazini, umenifurahisha. Na sisi tunaye Asilisaurus kongwe wa bonde la Ruhuhu, 2010, si dinosaria kamili ila jamaa wa karibu. Asili, na kongwe. Mimi nikiliona jina hilo kwenye maandishi ya kigeni moyo unajaa.

Msomaji Kimya

Wakuu, je, mfupa wenyewe ukipotea kabisa, jina linaweza kutoka?

Mwanajiolojia wa Kusini

Swali zuri, na jibu limekuja Januari 2025. Misri, oasisi ya Bahariya, mwaka 1914, mchimbaji Richard Markgraf alitoa sehemu ya mifupa ya mla nyama mkubwa. Ernst Stromer wa Munich aliielezea mwaka 1931, akamwita Carcharodontosaurus (wa ukoo ule ule wa meno ya papa), jina ambalo akalifungamanisha na meno yaliyopatikana Algeria. Usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Aprili 1944 ndege za Uingereza zikapiga Munich, jumba la makumbusho likaungua, mifupa yote ikateketea.

Zilibaki picha na michoro ya Stromer. Halafu kwenye hifadhi ya nyaraka ya chuo kikuu cha Tübingen zikapatikana picha ambazo hazikuwa zikijulikana, za mifupa ile ile, zikionyesha sehemu za fuvu. Maximilian Kellermann na wenzake, Rauhut huyu huyu akiwemo, wakazilinganisha na fuvu la Carcharodontosaurus lililopatikana Moroko. Havikufanana. Yule wa Misri ana pembe puani, meno yake yana ulinganifu mbele na nyuma, na sehemu ya mbele ya ubongo ni kubwa zaidi. Wakamwita Tameryraptor markgrafi. Ta-mery ni jina la zamani la Misri, nchi ipendwayo.

Binafsi kisa hiki kinaniumiza. Inasemekana Stromer aliomba mkusanyiko uhamishwe mahali salama wakati wa vita na hakusikilizwa. Picha tunaweza kuitazama, lakini hatuwezi kuigeuza, kuipima unene, wala kukata kipande tukahesabu pete za ukuaji.

Dada wa Mtanda

Kwa hiyo hata Tendaguru kunaweza kuwa na majina mengine yamelala?

Mtoto wa Bucha

Ndiyo, dada, na majina ya zamani yanaweza kuanguka au kuhama. Ule muundi wa Allosaurus tendagurensis leo hakuna anayeuweka kwa Allosaurus kwa ujasiri. Na Elaphrosaurus, aliyepewa jina 1920, ndiye mwenye mifupa kamili kuliko wenzake wote wa kundi la wala nyama pale Tendaguru, ila hana kichwa. Miaka mingi kila mtu alimwita mla nyama mwepesi mwenye mbio. Mwaka 2016 Rauhut na mtafiti mwenzake Carrano wakamkagua upya, wakamweka karibu na Limusaurus wa China. Huyo wa China akiwa mdogo ana meno, akikua yanang'oka yote, anabaki na mdomo kama wa ndege. Sasa wetu alikula nini? Mpaka kichwa chake kipatikane, na kama kipo, kipo kwenye udongo wa kule kwetu.

Kibatari

Mkuu, nimerudi. Mkia nimeununua jana Buguruni, nimechemsha usiku. Mke wangu kanishangaa lakini supu kaipenda. Pingili ni 17, moja imekatika kwa shoka. Nimezipanga zote isipokuwa moja inayonisumbua. Haina mwiba. Mabawa yamebaki kama vinundu viwili vidogo pembeni. Juu kuna mfereji ulio wazi. Naiweka wapi?

Mtoto wa Bucha

Tundu limefunguka lakini mfereji bado upo, na vinundu bado unavisikia kwa kidole?

Kibatari

Ndiyo. Upande mmoja kinundu ni kikali zaidi.

Mtoto wa Bucha

Hiyo ni ya katikati kwenda nyuma. Itafute ile ambayo tundu lake bado limeziba juu, weka hiyo yako baada yake. Halafu igeuze: uso wa mbele wa moja na uso wa nyuma wa nyingine vikutane bila kuyumba.

Kibatari

Imekaa. Ya tisa.